Bakshishi ya wabeba mizigo hotelini: kwa kila begi, kwa safari nzima, kwenye sanduku, au kwenye bili?

Msafiri Mwepesi

Wakuu, habari za leo. Nawapeleka wazazi wangu safari ndefu kidogo, tutabadilisha hoteli mara kadhaa, na wazee wangu hawako tena katika umri wa kuvuta masanduku. Kwa hiyo kila tukifika na kila tukiondoka kuna mtu atatubebea mizigo, na suala la bakshishi nataka niwe nimelimaliza kichwani kabla hatujatoka nyumbani.

Nimepima njia nne. Kutoa papo hapo kwa hesabu ya mabegi. Kutoa papo hapo lakini kiasi kimoja kwa safari nzima ya kutoka mlangoni hadi chumbani, mabegi yawe mangapi yawavyo. Kusubiri siku ya kuondoka niache kiasi cha maana kwenye lile sanduku la wafanyakazi pale mapokezi. Au kuongeza kwenye bili na kulipa yote kwa kadi.

Mimi naelemea kwenye sanduku, maana bajeti inakaa sawa na sihangaiki kutafuta chenji kila tunaposhuka kwenye gari. Ila sitaki kabisa mtu aliyetoka jasho kwa ajili ya mama yangu aondoke mikono mitupu. Ninyi mnafanyaje? Kama yupo aliyewahi kuifanya kazi hiyo, ningependa kumsikia zaidi.

Zamu ya Usiku

Mkuu, nimeifanya kazi hiyo kabla ya kuhamia mapokezi, kwa hiyo nimeliona jambo hili nikiwa pande zote mbili za kaunta. Kama nia yako ni kumfikia aliyebeba, sanduku liondoe kwenye hesabu.

Kwanza kuna zamu. Aliyekupokea jioni huenda siku unayoondoka yuko mapumzikoni, na atakayekushushia mizigo asubuhi hajawahi kukuona. Pili kuna mgao. Sanduku la mapokezi mara nyingi ni la hoteli nzima: jikoni, usafi, dobi, bustani, na mapokezi wenyewe. Wote hao wanastahili, na ukiridhika na hoteli kwa jumla weka humo kwa moyo mweupe. Lakini usilihesabu kuwa ndiyo asante ya yule aliyempandisha mama ngazi. Hela ikishaingia humo, jina lake limefutika.

Halafu kuna jambo wageni wengi hawalioni. Wapagazi wana foleni yao pale mlangoni. Aliye mbele ndiye anayemchukua mgeni anayefuata, na akimaliza anarudi kusimama nyuma ya wenzake. Wewe ukifika na familia, anaanza kupanga kitoroli: magumu na mazito chini, laini juu, nguo za kutundika kwenye chuma cha juu, begi la dawa anakuuliza kama utalishika mwenyewe. Anasubiri lifti ya mizigo. Chumbani anaweka masanduku kwenye kibao chake, anawasha kiyoyozi, anamwonyesha mzee swichi ziko wapi na sefu inafungwaje. Muda wote huo wenzake wanachukua wageni wengine. Kwa saa hiyo wewe ndiye zamu yake yote. Ukimwambia "nitakukumbuka siku ya kuondoka" atakuitikia kwa heshima, lakini anajua imeishia hapo.

Mizani

Namuunga mkono Zamu ya Usiku kuhusu sanduku. Kati ya begi na safari, mimi nachagua safari, nikiwa na sababu.

Kuhesabu mabegi kunaonekana ni haki mpaka uangalie kilichomo. Sanduku moja la vitabu linaweza kumchosha mtu kuliko vifuko vinne vya nguo za watoto. Na begi moja kwenye jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti ni kazi kubwa kuliko mabegi matano yanayosukumwa kwenye kitoroli juu ya sakafu laini. Hesabu ya mabegi haioni ngazi, haioni mvua, wala haioni umbali wa vile vyumba vya bustanini ambako unatembea mpaka unasahau lobi iko upande gani.

Kwa hiyo ninaweka kiasi cha msingi cha safari, kisha naongeza kwa uzito, ngazi na umbali. Kwa familia yenye kitoroli kizima, kiasi hicho kiwe kikubwa kwa wazi kuliko cha mtu mmoja mwenye begi moja, la sivyo utakuwa umemwibia kwa jina la urahisi.

Isipokuwa Marekani. Kule mazoea yenyewe ni ya kuhesabu mabegi, na kiwango kinachotajwa sana ni dola 1 hadi 5 kwa kila begi, ukisogea juu kwa hoteli ya kifahari na kwa mzigo mzito. Huko hesabu kwa begi, maana ndivyo mpagazi mwenyewe anavyohesabu.

Haki ya Jasho

Naomba niwe upande mwingine, na nasema kwa dhati. Kwa nini mgeni aliyelipia chumba abebeshwe tena mshahara wa mfanyakazi? Mwenye hoteli ndiye aliyeajiri, ndiye anayevuna faida. Bakshishi inamfanya mtu mzima asimame mlangoni akisoma sura za watu: huyu atatoa, huyu hatatoa. Anayevaa vizuri anakimbiliwa, aliyekuja na basi anasubirishwa. Hilo halijengi heshima ya kazi.

Na wabeba mizigo hasa wana historia chungu katika jambo hili. Kwenye vituo vya treni vya Marekani walikuwepo wapagazi waliojulikana kwa kofia zao nyekundu, wengi wao Wamarekani Weusi, na wengi hawakuwa na mshahara kabisa. Waliishi kwa bakshishi ya abiria. Sheria ya kima cha chini ilipoanza kutumika Oktoba 1938, kwa senti 25 kwa saa, baadhi ya wenye vituo wakabuni mpango: mpagazi abaki na bakshishi yake, lakini aitangaze yote, nayo ihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara, kituo kijazie tu pale inapopungua. Kesi ya wapagazi wa Jacksonville, Florida, ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1942 mahakama ikaukubali mpango huo. Yaani zawadi ya abiria ikawa inamlipia mwajiri deni lake.

Na hayakuishia hapo. Mpaka leo sheria ya shirikisho kule inamruhusu mwajiri kumlipa anayeishi kwa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichogandishwa tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zimfikishe dola 7.25. Majimbo mengi yameweka juu zaidi, lakini msingi ndio huo. Kila noti tunayotoa inaushikilia mfumo huu usianguke. Mimi nabeba mwenyewe, na anayenisaidia namshukuru kwa mdomo na kwa kumwandikia sifa njema kwa meneja.

Zamu ya Usiku

Ndugu Haki ya Jasho, historia uliyoileta ni ya kweli na inaniuma kama inavyokuuma. Lakini endelea nayo mbele kidogo. Wapagazi wa mabehewa ya kulala ya treni za kampuni ya Pullman, huko huko Marekani, nao waliokuwa wakitegemea bakshishi, waliunda chama chao mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakapambana mpaka wakapata mkataba na kampuni mwaka 1937. Walichokipata kilitokana na umoja wao. Abiria aliyebana noti yake usiku ule hakuusogeza mkataba huo hata siku moja karibu.

Kubeba mwenyewe ni haki yako na hakuna mpagazi mwenye akili atakayekununia. Kumwandikia meneja pia ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Barua yenye jina na tarehe huwekwa kwenye faili la mtu, na wakati wa kupandishwa cheo inasomwa. Ninachokataa ni kumpa mtu masanduku, umwache apande nayo, kisha msimamo juu ya mfumo ulipiwe na yeye. Kama hukubaliani na bakshishi, sema mlangoni kwamba utabeba mwenyewe. Hapo msimamo umeulipia wewe.

Haki ya Jasho

Hilo la mwisho nalikubali bila kinyongo. Nisipotaka kutoa, nisikubali kubebewa.

Mama wa Safari

Wanangu, kabla hamjaendelea na begi au safari, ulizeni kwanza mnaenda wapi. Kuna nchi ambako kutoa ni kumtia mtu aibu. Japani ndiyo mfano ulio wazi. Mpagazi wa hoteli atakubebea mpaka ndani, atainama, ataondoka. Ukimpa noti ataikataa kwa upole, na ukiiacha juu ya meza anaweza kuja mbio kukurudishia akidhani umeisahau. Huduma nzuri kwao imo ndani ya kazi.

Hata hivyo kuna mlango mdogo. Kwenye nyumba za wageni za jadi, zile ziitwazo ryokan, mgeni anaweza kumpa mhudumu wa chumba kitu kinachoitwa kokorozuke. Hakidaiwi na mtu. Ukiamua kutoa, unatoa mwanzoni mnapofika, noti safi ndani ya bahasha ndogo, kwa mikono miwili. Noti tupu mkononi haipendezi. Nami nimependa sana wazo la bahasha, natumia hata kwingine ninapomshukuru mtu aliyenihudumia siku nyingi mfululizo.

Korea Kusini na China nako mazoea ya kutoa ni madogo. Na mahali penye ada ya huduma tayari kwenye bili, kama Singapore ambako hoteli nyingi huweka asilimia 10, hutarajiwi kuongeza, ingawa mpagazi aliyehangaika sana nanyi hatachukia mkimkumbuka.

Wewe Msafiri Mwepesi, unasafiri na wazee. Hongera kwa hilo, na Mungu awatangulie.

Msafiri Mwepesi

Shikamoo mama, na asante sana. Sijaandika nchi kwa sababu tutapita zaidi ya moja, kwa hiyo hili la kuuliza kwanza limenifaa. Sanduku nimeshalitoa. Vipi kuhusu bili? Nikilipa kwa kadi nikasema hii ni ya wapagazi, inawafikia?

Mizani

Inategemea sheria ya nchi na uaminifu wa hoteli, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya vitu viwili.

Ada ya huduma iliyochapishwa na hoteli kwenye bili, ambayo huna hiari nayo, si bakshishi. Marekani mamlaka ya kodi huihesabu ada hiyo kuwa mapato ya hoteli, na ni hoteli inayoamua igawe au isigawe. Kile unachoongeza kwa hiari yako ndicho bakshishi, na tangu marekebisho ya mwaka 2018 sheria inakataza mwajiri, meneja au msimamizi kubaki na bakshishi za wafanyakazi.

Uingereza wamekwenda mbele zaidi. Sheria yao ya mgao wa bakshishi ilipitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Bakshishi na ada za huduma zinazopitia mikononi mwa mwajiri lazima ziwafikie wafanyakazi zote bila makato yake, ukiacha kodi, na kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule zilipotolewa. Mwajiri lazima atunze kumbukumbu kwa miaka 3, na mfanyakazi ana haki ya kuomba kuziona. Hilo ni England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini haimo. Kwa hiyo huko kadi ina ulinzi. Lakini angalia vizuri: ulinzi ni kwamba itawafikia wafanyakazi kwa mgao wa haki. Haisemi itamfikia yule yule aliyembebea mama yako mizigo.

Kwenye nchi isiyo na sheria kama hiyo, uliza mapokezi swali moja kwa sauti ya kawaida: "Hii ada inagawiwa wapagazi pia?" Mhudumu anayejua itagawiwa anajibu palepale. Akianza kuangalia kompyuta na kutafuta maneno, umeshapata jibu, toa mkononi.

Kiongozi wa Msafara

Naongeza upande wa makundi, maana huwa naongoza wasafiri na hili huleta ugomvi kila mara. Ukisafiri na kundi lililopangwa na wakala, soma mkataba uone kama ubebaji wa mizigo umelipiwa. Mara nyingi wakala hulipa hoteli kiasi fulani kwa kila begi, kuingia na kutoka. Mizigo inashushwa kwenye basi, inafungwa lebo za namba za vyumba, na unaikuta mlangoni kwako bila kumwona aliyeileta. Hapo huna wa kumpa na hudaiwi.

Ila ukimwita mpagazi baadaye, kwa mfano unahamishwa chumba kwa sababu maji hayatoki, hiyo ni kazi nje ya mkataba. Na hapa nina dukuduku. Kuna hoteli niliwahi kupeleka kundi, tumeshalipia mizigo yote, wageni wakaambiwa tena mlangoni kila mmoja atoe. Si kosa la wapagazi. Ile fedha ya mkataba haikuwa imewafikia. Tangu hapo namuuliza msimamizi wa wapagazi mwenyewe, kabla basi halijafunguliwa buti, kama amepewa taarifa ya malipo yetu.

Msafiri Mwepesi

Asanteni wote. Nimebakiwa na maswali mawili. Moja, kuna siku tutaachia chumba asubuhi na ndege ni usiku, mizigo itabaki hotelini. Natoa wakati wa kuiacha au wakati wa kuichukua? La pili, kutoka kwenye gari hadi chumbani huwa napishana na watu watatu: anayefungua mlango wa gari, anayepokea mzigo, anayeupandisha. Wote?

Zamu ya Usiku

Ya stoo: toa wakati wa kuchukua kama ni mkono mmoja. Ikiwa unajua utarudi baada ya zamu kubadilika, gawa mara mbili, nusu kwa anayepokea na kukupa kile kikaratasi cha namba, nusu kwa anayetoa. Anayepokea ana kazi kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiye anayepanga ya saa kumi jioni nyuma na ya saa sita mchana mbele. Akikosea, mwenzake usiku atavuta masanduku yote ya watu kutafuta lako. Na usipoteze kile kikaratasi. Masanduku meusi yanafanana, na bila namba mpagazi anabeba hatari ya kumpa mtu mwingine mali yako.

Ya watu watatu: anayefungua mlango tu, asante yatosha. Akinyanyua masanduku kutoka kwenye buti, mpe kidogo. Kiasi chako kikubwa kimfuate anayefika na mzigo mpaka chumbani. Usimpe wa mlangoni chote ukidhani watagawana. Kila mmoja ana mfuko wake, labda uambiwe wazi kwamba hapo wanakusanya pamoja.

Tena, kama kuna begi unalotaka kulishika mwenyewe, sema gari likisimama tu, kabla mkono wa mtu haujaligusa. "Asante, hili nitabeba." Ukingoja mpaka amelifikisha kwenye lifti ndipo unyang'anye, umemfanyisha kazi ya bure na foleni yake ameshaiacha. Kwa upande wa pili, mtu asiye na sare wala beji anayelikimbilia begi lako nje ya geti si wa hoteli. Kwa huyo kataa mapema na kwa uthabiti, hasa ukiwa na wazee.

Mama wa Safari

Nami niseme la noti. Chenji itafutwe siku ya kwanza, benki au kwenye duka la kubadilishia fedha; waambieni wazi kwamba mnataka noti ndogo ndogo. Msiwape wapagazi sarafu za chuma za nchi nyingine. Maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za chuma za kigeni, kwa hiyo unampa kitu asichoweza kukitumia, na hawezi kukuambia. Noti iliyochanika au kuchakaa sana ni hivyo hivyo. Fedha ya nchi mliyopo ndiyo bora siku zote.

Na mtoe kwa staha. Mkunje noti, umtazame mtu usoni, umwambie asante, akiwa anaondoka chumbani. Msihesabu mbele yake. Msimwache amesimama mlangoni mkipekua pochi huku yeye anajifanya kurekebisha pazia.

Mizani

Siku hizi kuna hoteli zinazobandika msimbo wa kuskani kwa simu, mgeni anatuma bakshishi bila noti. Ukiuona umeandikwa jina la mpagazi au idara yao, ni njia nzuri kwa asiye na chenji. Ukiwa na jina la hoteli tu, basi ni lile sanduku la mapokezi limehamia kwenye simu.

Msafiri Mwepesi

Nimeelewa vizuri. Nitatoa mkononi, kwa safari, nikiongeza palipo na ngazi na uzito, na Marekani nitahesabu mabegi. Sanduku nitaliwekea kidogo mwishoni kwa ajili ya wale wa jikoni na usafi.

Moja tu la mwisho. Baba yangu ni mtu wa kutoa kwa mkono wake mwenyewe. Nikimlipia mpagazi mbele yake atajisikia nimemvua heshima yake. Nifanyeje?

Zamu ya Usiku

Mwache mzee atoe. Hata kwa mpagazi, kupokea kutoka kwa mzee mwenye mizigo kuna uzito wake. Wewe andaa noti zilizokunjwa kabla hamjashuka kwenye gari, mpe aweke mfuko wa shati, mwambie kila moja ni ya mtu mmoja. Za asubuhi ya kuondoka baki nazo wewe umpe siku hiyo, maana wazee wenye mkono mwepesi humaliza zote kwa yule wa kwanza, na kuna wa pili atakayewashushia mizigo.